Pamba Kidevuni

Mara ya kwanza niliponyimwa kazi ya kusafisha matangi, sababu ilikuwa ndevu. Mara ya pili, sababu ilikuwa kunyoa. Mwingine angekata tamaa akarudi kwenye vibarua vyake, lakini mimi nina kichwa kigumu. Niliomba tarehe ya tatu ya kupimwa, wakanijibu kwamba hiyo ndiyo ya mwisho.

Anayeingia ndani ya tangi la mafuta kulisafisha huvaa barakoa ya mpira iliyobana pua na mdomo, ili mvuke usimfikie. Ndevu zikiwa chini ya ule mpira, mvuke hupata njia. Kwa hiyo kabla ya kukuajiri wanakupima. Mpimaji hupitisha kipande cha pamba kwenye taya lako, na ikinasa, huna lako tena. Isiponasa, unavaa barakoa, unafunikwa kichwa kwa mfuko mkubwa unaoonyesha, na humo ndani anatia karatasi iliyoloweshwa mafuta yenye harufu ya ndizi mbivu. Ukisikia ndizi, barakoa inavuja.

Safari ya kwanza pamba ilinasa. Safari ya pili niliapa haitanasa. Asubuhi ile, kwenye gesti nilikolala kwa kuwa kwetu ni mbali, nilinyoa kwa maji baridi na sabuni ya kuogea, kwa wembe wa tangu mwezi uliopita, kinyume na ndevu zinavyoota, tena mara tatu, kisha nikajipaka spiriti. Pamba iliteleza vizuri mno. Lakini shingo yote ilikuwa imechubuka na kuumuka vipele, na mpira ulipoigusa nikaona nyota. Nililegeza mikanda kidogo, kidogo tu, na ndizi zikaingia.

Dada yangu mkubwa ni kinyozi. Nilipomsimulia hakucheka, na dada yangu hucheka hata msibani. Mumewe alisafisha matangi miaka kumi na mmoja mahali ambapo hakuna aliyewahi kumgusa mtu kidevu. Sasa shemeji hushinda dirishani akikohoa, na ngazi nne za mlangoni kwao huzipanda kwa vituo. Nyumba ile ilikuwa inanitazama mimi. Niliona aibu, na niliogopa pia.

Dada alinikataza wembe siku kumi mpaka vipele vikapona. Halafu akanikalisha kwenye kiti chake na kunifundisha uso wangu upya, kidole chake kikifuata ndevu zinakoelekea. Mashavuni zinashuka. Chini ya taya la kushoto zinapanda na kuzunguka, na miaka yote hiyo nilikuwa nikizinyoa kinyume bila kujua.

"Utakakoharibu ni safarini," aliniambia. "Utakuwa na haraka, maji yatakuwa baridi, na utataka uso ung'ae. Usitake ung'ae. Taka usiwake."

Akanifungia taulo dogo, brashi, kopo la sabuni ya kunyolea na nyembe mbili mpya ndani ya mfuko wa nailoni. Siku nzima kwenye treni nilikaa nimefumbata mikono kwapani nisije nikajikuna, na abiria mwenzangu akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia nina kazi.

Asubuhi bomba la gesti lilitoa maji baridi kama ya safari iliyopita. Nilishuka jikoni kuomba ya moto, mpishi akanijibu bila kugeuka kwamba maji ya moto ni ya chai. Basi nikaagiza chai. Vikombe vitatu, nikamwambia, bila maziwa, bila sukari, na tafadhali mama, bila majani. Hapo akageuka, akanimiminia jagi zima.

Nilikanda uso kwa taulo la moto mpaka ngozi ikalainika. Nikazungusha sabuni kwa brashi, nikatoa wembe mpya, nikafuata ndevu zinakoelekea, taratibu, bila kukandamiza, nikiusuuza wembe kila baada ya mkupuo. Nilipomaliza nilipapasa. Palikuwa pazuri kote, ila chini ya taya la kushoto palibaki sehemu ya ukubwa wa kucha inayokwaruza.

Mkono uliniwasha. Mkupuo mmoja tu wa kinyume na pangekuwa laini. Saa ilikuwa tatu kasoro, na mtihani ni saa nne. Niliuweka wembe kwenye sinki, nikarudisha taulo kwenye maji yaliyobaki na kukanda pale mahali upya, nikihesabu hadi mia mbili kwa hasira. Kisha sabuni tena, na wembe nikauzungusha jinsi kidole cha dada kilivyozunguka. Nikasuuza kwa maji baridi. Sikupapasa tena.

Mpimaji alikuwa yule yule, na alinikumbuka. Pamba ilishuka shavu la kulia, ikapita kidevuni, na chini ya taya la kushoto akaipunguzia mwendo. Haikunasa. Nikavaa barakoa, nikaikaza mikanda mpaka mwisho, na mpira ukakaa kwenye ngozi bila kuuma. Ndani ya mfuko aliniamuru nisome karatasi kwa sauti, nigeuze shingo, niiname, niinuke.

"Unasikia ndizi?"

"Sisikii."

"Husikii, au unaitaka kazi?"

Niliingiza kidole chini ya mpira, nikauinua kidogo, na ndizi zikanijaa puani mpaka nikakohoa. "Sasa nasikia," nikasema. Akaandika kitu kwenye fomu yake, akanipa tarehe ya kuanza, ambayo ilikuwa kesho yake.

Nilipompigia dada, aliniuliza kwanza kama shingo inawaka. Nikamwambia haiwaki, na ndizi sikuzisikia, na kazi nimeipata. Nyuma yake nilimsikia shemeji akikohoa, nasi tukangoja amalize kama tulivyozoea. Halafu shemeji mwenyewe akaomba simu.

"Mwanzoni watakukagua," aliniambia, akivuta pumzi kati ya maneno. "Baadaye watachoka. Wewe nyoa. Hata siku ambayo hakuna anayekutazama."

Nikamwambia nitanyoa. Kisha nikashuka jikoni kumwomba mpishi aniwekee chai yangu ya alfajiri.