Ngazi Moja ya Nyumba ya Mawe

Mwaka 1956 Isakwisa, mwenye lori, alinunua nyumba ya mawe juu ya Ilomba kutoka kwa mlowezi aliyekuwa akirudi Ulaya. Ilikuwa ya ghorofa, yenye kuta nene, meko ya kuotea moto, na ngazi moja pana iliyopanda kutoka ukumbini. Vyumba vyote vya chini vilifungukia ukumbi huo. Aliyeichora, aliwaza Sekela, mke wa Isakwisa, hakuwahi kuwa mkwe wa mtu.

Maana mwanamke wa Kinyakyusa hamtazami baba wa mumewe, wala hatazamwi naye, na mzee Asukile alikuwa amehamia humo pamoja nao. Mzee alikohoa kabla ya kutoka chumbani, kama adabu inavyotaka, lakini mawe yalikirudisha kikohozi kutoka kila upande. Sekela aliwahi kukimbilia kabatini, nyuma ya pazia, hata mekoni, akatoka na masizi.

Siku moja walikutana katikati ya ngazi. Mzee alifumba macho, akauambia ukuta: "Ikitokea tena, arudi kwao Tukuyu mpaka nyumba hii ipate akili."

Sekela hakutaka kurudi. Isakwisa alipopeleka mzigo Makongolosi, Sekela alimwita Liberatus, mwashi kutoka Iringa.

"Kwetu nasi tunaheshimu wakwe, mama," alisema Liberatus, "lakini nyumba hatuigawi kwa ukuta."

"Nyinyi Wahehe mna ngazi wapi? Jenga, fundi."

Liberatus aliizungushia ngazi ukuta wa mawe mpaka mlango wa mbele, akaacha njia ya kumtosha mzee mmoja mwembamba. Juu kukawa kwa mzee. Chini, pamoja na mlango wa jikoni, kukawa kwa Sekela.

Isakwisa aliporudi aliuliza, "Kitanda chetu kiko wapi?"

"Juu. Hakipiti tena."

Basi kitanda kilishushwa dirishani. Mzee, juu dirishani, alishika kamba, macho ameyafumba. Sekela alisimama chini, amejifunika kanga kichwani, amewapa mgongo. Isakwisa alielekeza kutoka juu ya lori.

"Baba anauliza, kimefika?"

"Bado."

"Baba, bado."

Mzee alikuwa amesikia, lakini alingoja aambiwe. Mguu wa kitanda ukamgusa Sekela mgongoni.

"Kimefika."

"Baba, kimefika."

Mzee akaachia kamba. "Mwambie mkeo ukuta umenyooka. Tukuyu asiende."

Isakwisa akamwambia, ingawa Sekela alikuwa ameshaanza kukivuta kitanda kuelekea jikoni.