Salama Nane kwa Pweza Mmoja

Usiku wa jana niliota nimekaa darasani na mtungi wa hewa mgongoni, maji yamenifika kidevuni, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi.

Mwalimu Shamte, anayetufundisha kuzamia hapa chuoni, alikuwa akiandika ubaoni chini ya maji. Chaki yake haikulowa. Alisema leo tunazamia usiku kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa kila kinywa kitakuwa kimebana kipumulio, tutazungumza kwa tochi. Ukichora duara kwa mwanga, umesema salama. Ukiupunga mwanga huku na huku, umesema kuna tatizo.

"Na mwenza haachwi," alisema. "Mnashuka wawili, mnarudi wawili. Atakayerudi peke yake nitamrudisha chini."

Mwenza wangu alikuwa Sikudhani. Hata nikiwa macho mwenza wangu ni Sikudhani. Tunalala chumba kimoja bwenini, na yeye ndiye huniombea chumvi mezani, kwa sababu mimi naona haya kuiomba.

"Usiogope, Arafa," aliniambia huku akipiga miayo. "Ukishtuka, nifinye."

Nikamfinya palepale.

"Hata hatujashuka, mwaya!"

Sakafu ya darasa ikafunguka taratibu, kama mlango wa watu wastaarabu. Tukashuka.

Ni giza. Tochi yangu inauona mkono wangu, halafu basi, dunia imekwisha. Viputo vinanipita sikioni vikinong'onezana. Mgongoni, mtungi unakohoa.

"Binti," unasema, "mimi ni mtungi tu. Sina kisima ndani. Pumua kwa adabu."

Naomba samahani moyoni.

"Na samahani za moyoni nazo zinakula hewa," unasema mtungi.

Mbele yetu pweza amekaa nyuma ya meza, daftari mbele yake. Sikudhani hakuwa na subira; alimpita pembeni. Mimi sikuweza. Yule pweza alikuwa mtu mzima, na mtu mzima hapitwi bila salamu.

"Habari za nyumbani?" aliuliza, akininyooshea mkono wa kwanza.

Nikachora duara. Salama.

Duara halikufifia. Lilibaki majini likiwaka, gumu na jeupe kama bangili, likanipitia kichwani, likashuka mabegani, likanibana mikono ubavuni hadi kwenye viwiko. Nilishtuka sana. Pweza hakushtuka.

"Habari za masomo?" Mkono wa pili.

Hesabu za mgandamizo nimefeli mara mbili. Nikazungusha kiganja, nikachora duara. Likashuka, likabana.

"Mama hajambo?" Mkono wa tatu.

Mama anaumwa goti tangu Ramadhani. Nikachora duara.

Akaendelea hivyo, mkono kwa mkono, na kila swali lilikuwa na jibu jingine kabisa. Lakini kwetu hata aliyefiwa huanza na salama, ndipo aseme *ila*. Nilikuwa nangoja kuifikia *ila* yangu. Tochi haina ishara ya *ila*.

"Na mwenzako?" Mkono wa nane. "Hajambo?"

Nilichora duara kwanza, nikageuka baadaye. Sikudhani hakuwepo.

"Hajambo," pweza aliandika daftarini. "Tumeshukuru." Akaikunja meza, akaingia nayo ndani ya chupa, akafunga kizibo.

Nilibaki nimefungwa na salama nane. Hata kidole kilisogea kwa shida. Nikapiga miguu kumtafuta mwenzangu.

Sijui ni wapi miamba ilipokoma na bweni letu likaanza. Korido ni ileile, ndoo ni zilezile mlangoni, vitanda ni vile vya ghorofa. Vitandani wamelala samaki aina ya pono. Kila mmoja amejizungushia utando wake wa ute, mwembamba, unaopitisha mwanga, kama chandarua. Hilo halikunishangaza, tulifundishwa kwamba pono hulala hivyo.

Kilichonishtua kilikuwa kitanda cha mwisho. Ndani ya ute alilala Sikudhani, miwani ya kuzamia usoni, akikoroma viputo.

"Shh," alisema pono mmoja mnene mwenye ufunguo shingoni. Alikuwa matroni. "Ameshaandikishwa. Alisema anataka kujinyoosha kidogo. Ikifika alfajiri atakuwa ameota magamba. Ya samawati. Yatampendeza."

Niliiangalia geji ya Sikudhani, ile inayopima hewa iliyobaki. Mshale wake ulikuwa unaukaribia wekundu. Mshale nao ukaniangalia.

"Dakika mbili," ulisema kwa huzuni. "Mimi natoa taarifa tu."

"Kama kuna tatizo, punga tochi huku na huku," alisema matroni. "Tutamwamsha mara moja. Sisi si wakatili."

Nikajaribu. Mikono haikunyanyuka. Tochi ilitikisika kidogo tu, kama mtu anayeulizwa jina mbele za watu.

"Hilo ndilo tatizo lenyewe?" aliuliza matroni. "Maana umesema salama mara nane, na ya nane ilikuwa yake. Imeandikwa."

Pono wa vitanda vya juu wakaanza kunong'ona.

"Huyu naye anatumulikia nini?"

"Wa mwaka wa kwanza hao. Hawana adabu."

Hilo liliniuma. Nina adabu. Nina adabu mpaka imenifunga mikono.

"Dakika moja," ulisema mshale.

Viputo vya Sikudhani vilikuwa vimekuwa vidogo kama punje za mtama. Kimoja kikatoka. Nikangoja kingine. Kikachelewa.

Nikakitema kipumulio, nikafungua kinywa chini ya bahari, na ikatoka sauti ambayo sikujua ninayo.

"SI SALAMA! Mama anaumwa goti! Hesabu nimefeli! Na huyu hajambo gani, huyu anakufa! Amkeni! Amkeni nyote!"

Duara la kwanza likakatika. Tang! Yakafuata mengine, tang, tang, yakaanguka sakafuni na kuzimika. Pono wote waliinuka kwa pamoja na kugonga vichwa kwenye vitanda vya juu. Ufunguo ulimponyoka matroni.

"Sasa si ungesema mapema?" aliuliza, na niliona ameumia kweli. "Tungekuwa tumeshamwamsha zamani."

Akauchana ule ute kwa meno, kama mtu anayefungua mfuko wa maziwa. Sikudhani akafumbua macho, akaniona, akataka kusema jambo, akakuta hana hewa ya kulisemea. Nikamtia kipumulio changu mdomoni. Akavuta, nikavuta. Akavuta, nikavuta. Tulipanda hivyo, tumeshikana, kama watoto wanaogawana muwa mmoja. Mtungi haukulalamika. Nadhani bado ulikuwa unaniogopa.

Nikaanza kuona mwanga juu. Hapo tukazuiwa na benchi.

Benchi lilikuwa linaelea, na juu yake walikaa wanawake wawili wakisukana nywele.

"Mnakwenda wapi na haraka hiyo?" aliuliza mmoja. "Mkichomoka tu, damu itafanya povu kama soda iliyotikiswa. Hapa ni mita tano. Kila anayetoka chini hukaa na sisi, dakika tatu. Mimi ndiye Dakika ya Kwanza."

Tukakaa naye. Alitueleza habari za ndoa ya mpwa wake mpaka akaisha, akatoweka katikati ya neno. Tukakaa na Dakika ya Pili. Naye akaisha.

Benchi likabaki tupu.

"Ya Tatu!" niliita. Siku hizi naita. "Ya Tatu yuko wapi?"

"Navaa!" ilijibu sauti kwa mbali.

Alikuja mbio, kitenge hakijakazwa vizuri, hereni moja mkononi. Akajibana katikati yetu, akatushika mikono, akaanza kupita. Sekunde tano. Sekunde kumi. Mikono yake ilikuwa na joto. Sikudhani alimwegemea begani, anapumua, na mimi nilikuwa nahesabu kila pumzi yake. Sekunde ishirini.

Mwanga ukatujia wote kwa mkupuo.

"Jamani, bado!" alipiga kelele Dakika ya Tatu. "Msinyanyuke! Bado arobaini zangu!"

Nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka. Feni ilikuwa inazunguka, na kwenye bomba la koridoni mtu alikuwa anajaza ndoo. Niligeukia kitanda cha pili.

Sikudhani alikuwa macho. Alikaa kitako katikati ya chandarua chake, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, macho yake kwenye simu.

Nikashusha mguu kutafuta kandambili.

"Usinyanyuke," alisema.

"Kwa nini?"

"Sijui." Hakuyatoa macho kwenye simu. "Tukae tu kwanza. Zimebaki sekunde thelathini na moja."

Nikaurudisha mguu kitandani.