Friji ya Mwalimu

"Samahani sana, mama. Nadhani tumeiharibu."

Mwanamke aliyesema hivyo alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, mkoba ameubana kwapani, kama mtu aliyeitwa kujibu kosa. Mama Kijani aliweka bisibisi mezani. Mbele yake televisheni ya zamani ilikuwa wazi mgongo, vumbi limejaa ndani kama pamba chafu.

"Mmeharibu nini, mwanangu?"

"Friji mliyompa mama yangu mwezi uliopita. Yule mwalimu mstaafu, mwenye kisukari."

Aliikumbuka. Watu walileta hapo vitu walivyovichoka, redio, pasi, feni, friji, na kazi yake ilikuwa kuvipima. Kilichokufa alikibandika karatasi nyekundu, kikavunjwavunjwa, shaba huku, plastiki kule. Kilichokuwa kizima alikibandika kijani, apewe mwenye shida. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna chenye kijani kilichowahi kurudi. Ndipo watu wakamwita Mama Kijani, naye alilipenda jina hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

"Imefanya nini?"

"Inagandisha. Mwanzo tulifurahi, tukasema hii ndiyo friji. Halafu hata nyanya zikawa mawe. Nadhani nilikizungusha vibaya kile kitufe nilipokuwa nasafisha." Alihamishia mkoba kwapa la pili. "Na insulini ya mama ilikuwa humo. Iliganda, ikayeyuka, sisi hatukujua. Akawa anajichoma sindano kama kawaida, kumbe anajichoma maji tu. Leo ni siku ya nne yuko hospitali. Jana ndiyo kafungua macho. Naomba mje muichukue, mama. Na mtusamehe. Mlitupatia kwa moyo."

Mama Kijani alishika ukingo wa meza.

Si kitufe. Ni themostati, kile kifaa kinachoiambia friji ipumzike. Kikishakwama, friji haijui kuacha, na huwezi kulibaini hilo kwa haraka. Ndiyo maana kila friji ilipaswa kupimwa mchana na usiku kucha. Siku ile aliiwasha kwa saa mbili tu. Wafadhili walikuwa njiani, mpiga picha keshafika, na msimamizi alikuwa akizunguka kama kuku anayetaka kutaga. "Inapoa?" "Inapoa." "Sasa unangoja nini?" Alitia mkono ndani, baridi ikamuuma vidole. Akabandika kijani.

"Ningoje hapo," alimwambia binti.

Msimamizi alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akaenda kufunga mlango.

"Mwenyewe amesema wameiharibu wao."

"Hawakuiharibu."

"Hilo unalijua wewe. Yeye halijui." Alishusha sauti. Hakuwa mtu mbaya. Mara nyingi alipeleka mizigo kwa wazee kwa gari lake mwenyewe. "Mama, habari hii ikitoka, nani ataleta kitu hapa tena? Vyote vitakwenda jalalani, watu wachome nyaya, wavute moshi ule. Tumtafutie mwalimu friji nyingine, nzuri. Tumpe pole. Yaishe."

Kila neno lilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomkera. Alichukua mtandio wake msumarini.

"Unakwenda wapi?"

"Kumjulia hali mgonjwa."

Njiani binti alizungumza kwa niaba ya wote wawili. Alisimulia jinsi mama yake alivyoipangusa friji ile kila asubuhi, na jinsi alivyowaita majirani waje wanywe maji baridi. Mama Kijani aliitikia "eeh", na "ndiyo". Mara mbili alifungua mdomo. Mara mbili akaufunga.

Mwalimu alikuwa amelala kitanda cha dirishani, amekonda, mrija mkononi, lakini macho yake yalikuwa makali bado.

"Mama, huyu ndiye fundi wa ile friji," binti alisema. "Kaacha kazi zake kaja kukuona."

Mwalimu akajaribu kuinua mkono. "Ahsante, mwanangu. Mungu..."

"Usinishukuru, mwalimu."

Akasema yote. Aliyasema akiwa wima, kwa sababu kiti walichomsogezea hakuthubutu kukikalia. Wafadhili, mpiga picha, saa mbili, kibandiko. Hakumtaja msimamizi. Mkono wa kubandika ulikuwa wake.

Binti aliachia chuma cha kitanda.

"Siku nne," alisema taratibu. "Siku nne sijalala, najiambia nimemuua mama yangu kwa kitambaa cha kusafishia. Na leo nimekuomba msamaha, ukanisikiliza. Tumetembea njia nzima, ukanisikiliza."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

Mwalimu alimtazama Mama Kijani jinsi walimu wanavyomtazama mtoto ambaye hajamaliza kusema.

"Mlitoa friji ngapi siku ile?"

Mama Kijani alikuwa amejiandaa kutukanwa. Hakuwa amejiandaa kwa swali.

"Nne."

"Zilizobaki ulizipima usiku kucha?"

"Hapana."

"Sasa umesimama hapa unafanya nini?"

Nje, kwenye ngazi za hospitali, alimpigia msimamizi, akamwomba anwani za wale watatu waliobaki. Msimamizi akaanza kumsomea, moja moja, kwa sauti iliyokauka.

Nyumba ya kwanza ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kinyozi. Aliyefungua alikuwa mwanamume kijana, akamtazama kidogo, kisha uso wake wote ukafunguka.

"Mke wangu, njoo! Njoo umwone aliyetupatia friji! Karibu, mama, karibu ndani, hapa ni kwako!"

Mke alitoka nyuma ya pazia, mtoto mchanga begani, akicheka, akifuta kiti kwa kiganja. Friji ilikuwa imepewa ukuta mzuri kuliko zote. Juu yake walikuwa wametandika kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, na juu ya kitambaa, picha ya harusi yao.

"Kaa, mama, upumzike kwanza. Tukuletee nini?"

Mama Kijani aliinua ile picha kwa mikono miwili, akageuka nayo chumbani, akitafuta pa kuiweka kabla hajaivuta friji kutoka ukutani.