Mkono wa Kilima cha Ntirampeba

Semeni mnavyotaka, lakini asiseme mtu kwamba nilichanganyikiwa na joto. Joto nalijua. Nimekulia Kasulu, kwenye duka la baba yangu Hilali la vitenge na vyandarua, chini ya bati lisilo na dari. Moscow ile Agosti ya 2013 haikunifundisha kitu kuhusu joto.

Nianze na kilima, maana asiyejua maana haambiwi maana. Ukitoka Manyovu kuja Kasulu kuna mpando mrefu tunaouita kwa Ntirampeba. Wanaume wa mawese hupanda pale na baiskeli zenye madumu manne, matano. Hawaziendeshi, wanazisukuma kwa kijiti kilichofungwa kwenye usukani. Baiskeli yenye mzigo ikisimama katikati ya mpando, kuiondoa tena ni shughuli. Kwa hiyo ipo sheria ambayo hakuna aliyeiandika: ukimkuta mtu mbele yako pale, unaweka mkono, unasukuma mpaka juu. Hakuna kuombwa, hakuna asante, na anayesukumwa hageuki nyuma, maana akigeuka usukani unayumba. Ukimpita kama humwoni, habari zako zitafika sokoni kabla yako.

Mimi mbio nilianzia kwenye kilima hicho. Kila alfajiri baada ya sala, suruali ndefu, kitambaa kichwani, na maneno ya watu nyuma yangu. Mzee Ndihokubwayo, mchukuzi wa mawese, ndiye aliyekuwa akinitania kuliko wote. Ananiamkia kwa Kiha, "Mwakeye, binti Hilali. Unamkimbia mume au unamkimbilia?" Namjibu, "Mwakeye, mzee. Nakukimbia wewe." Kisha namsukuma mpaka juu, naendelea zangu.

Miaka sita hivyo, mpaka nikashinda mbio ndefu za taifa, zile za kilomita arobaini na mbili, nikachaguliwa kwenda mashindano ya dunia. Kiongozi wa msafara wetu alikuwa Makarius, mtu wa maneno machache na mafaili mengi. Akaniambia pale uwanja wa ndege, "Asmahani, maliza chini ya saa mbili na dakika hamsini, nakuweka kambi ya taifa Arusha. Kocha, chakula, viatu, miaka miwili. Ukizidisha, unarudi kwenu." Baba naye alishasema lake: kambi ukiipata nenda na radhi zangu, ukiikosa kaunta inakusubiri. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Niliitaka ile kambi kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, wala sioni haya kusema.

Walituanzisha saa nane mchana, jua la utosi. Njia ilifuata mto, unakwenda, unarudi, unakwenda tena, mpaka unajua kila mti. Wenye majina makubwa walinipotea mapema, na sikuwafuata. Mimi nilikuwa na saa yangu mkononi na dakika hamsini zangu kichwani. Kufika kilomita ya thelathini wakaanza kukaa chini mmoja mmoja pembeni ya barabara, watu wazima, mabingwa wa kwao, wanalia kama watoto. Mimi napita, nasema alhamdulillahi, miguu ipo.

Kilomita ya arobaini na moja, saa inaonyesha mbili na dakika arobaini na tatu. Uwanja nausikia unavuma. Kabla ya uwanja kulikuwa na mwinuko, si mkubwa, hatua kama mia hivi. Na katikati ya ule mwinuko alikuwepo mwanamke mmoja, mfupi, namba mia sita na kumi na nne, nchi yake hata leo siwezi kuitamka. Alikuwa anakwenda upande, anarudi upande, magoti yamelegea. Bado kidogo asimame.

Sikufikiri, na sitaki mnisingizie kwamba nilifikiri. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikamwekea kiganja katikati ya mabega, nikasema Kiha cha kwetu, "Genda, genda," yaani nenda, nikasukuma. Na yule mwanamke, Mungu shahidi, hakugeuka, kama vile alizaliwa Manyovu. Tukapanda. Juu nikaondoa mkono, nikampita, nikaingia uwanjani, nikamaliza kwa saa mbili, dakika arobaini na tisa na sekunde tatu. Nikasujudu palepale kwenye sakafu ya mpira ya uwanja. Nilijiona tayari niko Arusha, nimevaa viatu vipya.

Makarius akanikuta nimekaa na barafu shingoni. "Umefutwa," akasema. "Wewe na yule uliyemsukuma. Kumsaidia mwenzako ni kosa, na kusaidiwa ni kosa."

Sikumwelewa. Mimi nifutwe, sawa, labda. Yule kafanya nini?

Tulikuwa na nusu saa ya kukata rufaa. Akanipeleka kwenye chumba chenye meza na karatasi, imekwisha kuandikwa Kiingereza. Akanitafsiria mwenyewe, sauti ya chini: kwamba joto lilinichanganya, kwamba sikujua nifanyalo, na kwamba yule mwanamke ndiye aliyenishika mkono akaning'ang'ania. "Kosa linakuwa lake," akasema. "Wewe unarudishiwa muda wako. Weka sahihi, tuwahi."

"Hakunishika."

"Asmahani. Yule humjui. Kambi unaijua."

Nitasema ukweli: kalamu niliishika. Niliiona kaunta ya baba, niliiona mita ya mbao ya kupimia vitenge ikinisubiri miaka arobaini. Kisha nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mtu hakuniomba kitu, hakugeuka, halafu mimi ndiye nimtupie mzigo? Nikaigeuza ile karatasi, nikaandika nyuma yake, Kiswahili, herufi kubwa: NILIMSUKUMA MIMI. HAKUNIOMBA. HAKUNIONA. NILIJUA NIFANYALO. MFUTENI ASIYEMPITA MWENZAKE KILIMANI, YULE MWACHENI.

"Umekwisha," Makarius akasema.

"Wapelekee," nikamwambia. "Au nitapeleka mwenyewe."

Akapeleka, sijui kwa nini. Labda alichoka nami. Wakatafuta mkalimani, kijana wa Kirusi aliyesoma Kiswahili chuoni, Kiswahili safi cha kitabu. Mwamuzi mzee akauliza kupitia kwake, je, ulifahamu kuwa ni kosa? Nikajibu, "Kwetu kosa ni kupita." Kijana akanitazama kidogo ndipo akatafsiri. Jioni matokeo yakabandikwa. Mia sita na kumi na nne amerudishwa. Mbele ya jina langu hapakuwa na muda, herufi mbili tu, maana yake umefutwa. Kwenye ukumbi wa chakula yule mwanamke aliniona kwa mbali, akainua mkono. Nami nikainua wangu.

Nikarudi Kasulu. Baba hakunisema, alisogea tu kwenye kaunta akanipa nafasi. Lakini jirani yetu Nurudini, wa duka la misumari, atanyamaza yule? "Umesukuma watu mpaka umejisukuma nje," akasema mbele ya wateja. Nikamwambia yeye hata mkokoteni wake husukumiwa, anyamaze. Usiku nililia, msiambiwe uongo.

Wiki ya tatu Makarius akapiga simu. Nafasi moja ya kambi imebaki. Wakubwa wanataka barua tu, ya kuomba radhi, niseme nilikosea. Baba akasema, "Andika, mwanangu. Karatasi haiumi." Nikaandika. Ndiyo, niliandika. Mistari mitano: nakiri kosa, najutia kitendo kile, sitarudia. Nikaikunja nikaitia mfukoni, nikimaliza mazoezi niipeleke posta.

Alfajiri hiyo nikiwa narudi, nimeanza kupanda kwa Ntirampeba, miguu haikutaka. Nilikuwa nakokota. Mbele yangu nikamwona Ndihokubwayo na madumu yake, nikanyoosha mkono kama kawaida. Yule mzee akafanya jambo ambalo hakuna mchukuzi anayelifanya. Alisimama katikati ya mpando, akaiegemeza baiskeli kwenye ukingo na mzigo wake wote, akanipisha mbele. Kisha nikausikia mkono wake mgongoni, mgumu kama jembe, unasukuma.

"Mzee, mimi sina mzigo."

"Kaa kimya, panda."

Sikugeuka. Nilipanda natokwa na machozi, na mzee anahema nyuma yangu, mpaka juu. Pale mkono ukatoka. Habari za Moscow alishazisikia redioni, lakini hakuzitaja. Alisema, "Haya, baiskeli yangu sasa," tukashuka wote kuifuata.

Tukakuta dumu moja limelala, kizibo kimelegea, mawese yanatiririka mekundu kwenye udongo. Mzee akaanza kujipapasa mifukoni. "Una karatasi?"

Nilikuwa nayo. Nikaikunja mara nne, nikaizungushia kwenye mdomo wa dumu, nikakaza kizibo juu yake mpaka kikalia. Kisha nikaenda nyuma ya baiskeli, nikaweka mikono yote miwili.

Halikuvuja tena mpaka Kasulu.