Mfuniko wa Zege

Watu walimwita mume wangu Injinia wa Mavi, na yeye jina hilo alilipenda. Kila asubuhi alisukuma toroli la kinyesi kutoka zizini, akakimwaga kwenye beseni la saruji, akakikoroga na maji mpaka kikawa kama uji mzito, kisha akazibua tundu kikateremka ndani ya tangi lililochimbiwa ardhini. Huko kilichacha, kikatoa gesi, na gesi ikaja kwa bomba hadi jikoni kwangu na kwenye jiko la kuchemshia maji ya kuoshea ndoo za maziwa. Mimi nilikuwa mtu wa kuni, macho mekundu mwaka mzima. Kwa hiyo sitaki mtu aniambie kwamba mtambo ule ulikuwa laana tangu mwanzo. Ulinifaa, na niliringa kwa ajili ya mwenye kuuendesha.

Kilichotuponza ni mchanga. Tuliumwaga zizini ili ng'ombe wasilale kwenye unyevu, nao ukawa unaingia tangini pamoja na kinyesi, kidogo kidogo, ukatuama chini. Moto ukaanza kudhoofika. Ikafika mahali sufuria ya maji inakaa jikoni mpaka nachoka kuitazama, na ndoo tunazisuuza kwa maji baridi. Siku kiwanda kiliporudisha maziwa yetu kwa kuwa yameharibika, mume wangu alisema basi, tangi lisafishwe.

Fundi aliyetujengea alikuwa ameonya kwamba asiingie mtu, aitwe yeye na mashine ya kunyonya. Lakini mume wangu na mdogo wake walikuwa watoto wa mchimba visima. Marehemu baba mkwe alipima hewa ya kisima kwa kuku: unamtia kapuni, unamshusha kwa kamba, unangoja, unampandisha. Akitoka mzima, unashuka. Hakupoteza mtu hata mmoja katika kazi hiyo, na katika ukoo ule kumtilia kuku shaka ni sawa na kumtukana mzee. Nilisema fundi aitwe. Mume wangu akacheka, akaniuliza kati ya fundi na baba yake nani alianza kuingia mashimoni. Mama mkwe naye akacheka. Nikafura, nikarudi jikoni.

Waliacha kuulisha mtambo, wakafungua bomba gesi itoke, wakausogeza mfuniko wa zege kwa nondo mbili, wakachota tope la juu kwa ndoo siku kadhaa. Asubuhi ya mwisho kuku alishushwa, akapandishwa, akatoka kapuni akaenda zake kuparua. Mume wangu akateremka na koleo, akikanyaga vyuma vilivyojengewa ukutani.

Hewa mbaya ya kisima imetulia mle ndani, kuku anaikuta. Ya tangi la mavi imelala ndani ya tope, haitoki mpaka uiamshe. Alipochoma koleo tu nilisikia harufu ya mayai viza ikipanda. Nikamwita. Aliinua uso, akafungua mdomo kama anayetaka kunijibu, kisha miguu ikamwisha nguvu, akaanguka kifudifudi topeni. Hakupiga hata ukelele.

Shemeji alikuwa zizini. Mayowe yangu yalimleta mbio, akachungulia, akamwona kaka yake, akasema anachukua kamba ashuke amfunge. Akakimbilia stoo. Mimi nilikuwa nakumbuka maneno ya fundi, aliyoyasema jikoni kwangu akirekebisha jiko, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua: kwenye matangi haya huzikwa wawili, aliyeingia na aliyemfuata. Nilimtazama mume wangu. Mgongo wake haukupanda wala kushuka. Nikashika nondo.

Mfuniko ule ni wa watu wawili. Nilivuta upande wangu mpaka kiuno kikalia, wapi. Mama mkwe alikuwa amesimama ng'ambo ya shimo, mikono kichwani. Tukatazamana. Aliinama, akashika nondo ya pili, tukamfunika mwanawe.

Shemeji aliporudi alinikuta nimeketi juu ya mfuniko, na mama yake yuko chini, anagaagaa na kulia.

"Shemeji, ondoka. Kaka anakufa."

"Ameshakufa," nikamwambia.

"Umejuaje?"

Sikujua. Nilikuwa nimeona mgongo tu, katika giza la shimo, na mgongo si kitu cha kumzika mtu nacho. Alinivuta, akanichapa kwa ile kamba, nikaung'ang'ania mfuniko kwa kucha. Nilikuwa nimemkalia mume wangu, na nilimpenda, na sikuondoka. Hatimaye majirani walitutenganisha, wakaita zimamoto. Hao walishuka na mitungi ya hewa mgongoni, wakamtoa. Daktari alisema alikufa kwa pumzi ya kwanza au ya pili. Nilimwomba ayarudie maneno hayo mbele ya watu, akayarudia, lakini mtu aliyeshaamua hasikii.

Msibani mama mkwe alilia kwa maneno, na maneno yenyewe yalikuwa juu yangu. Mwanamke huyu kamfunika mwanangu angali hai. Kamfunika kama chungu. Wanawake waliokuwa wamekaa nami mkekani waliinuka mmoja mmoja. Nilifungua mdomo niseme nondo zilikuwa mbili. Nikamwona shemeji amemkumbatia mama yake, mtu mzima analia kama mtoto, nikaufunga. Sikuufunga kwa wema. Nilikuwa na hasira ya kuchoma nyumba, ila sikujua nianzie wapi.

Watu walipotawanyika, mama mkwe alinifuata bandani nikikamua. Alisimama upande wa pili wa ng'ombe, akaniambia nikitaka kumpiga nimpige. Sikugeuka.

"Shemeji yako akijua nami nilishika nondo, atahama," akasema. "Nimebaki naye huyu tu, mwanangu. Wewe akikuchukia ataishi hapa hapa. Mimi akinichukia ataondoka."

"Na mimi, mama, nimebaki na nani?"

Alifikiri. Nilimwona anafikiri kweli, anatafuta, midomo inacheza. Akavuta kigoda, akakaa kwa ng'ombe wa pili, akaanza kuosha chuchu.

Shemeji akaingia kuchukua ndoo. Alimwamkia mama yake, akamwuliza kama amekula, akanipita mimi kama anavyoipita nguzo ya banda. Mama mkwe alinitazama juu ya mgongo wa ng'ombe, mikono imesimama, akingoja nitakachosema.

Nikaendelea kukamua.