Sanduku la Halvor

Paka shume aliletwa asubuhi, Eusebio, mkamuaji wa ng'ombe, akiwa anaosha mashine za kukamulia. Mama wa kituo cha wanyama alimkabidhi Bi Arlene, mwenye shamba, pamoja na masharti: afungiwe stoo mpaka apaone ni kwao, alale kwenye sanduku lenye joto la umeme, na aongeleshwe kwa upole. Baridi ya Wisconsin haimwonei huruma mgeni.

Arlene aliyatimiza yote. Akina mama wa kanisani walimfumia paka blanketi, wakampigia kura ya jina, akawa Halvor. Kila jioni Arlene aliketi juu ya ndoo akamsomea matangazo ya kanisa.

Hita ya tela, kijumba cha magurudumu alimolala Eusebio, ilikuwa imekufa tangu majira ya baridi yaliyopita. Alipomkumbusha tena, Arlene alimjibu kwa upole uleule.

"Vumilia, Joe. Fundi anakuja theluji ikiisha."

Joe lilikuwa jina la mkamuaji aliyemtangulia.

Usiku ule Eusebio akaanza kupungua. Hakuumwa popote, alipungua tu, kama sabuni ya kufulia. Suruali ilimvuka, kisha buti. Mikono iliposhindwa kufika kwenye viwele, Arlene alimnunulia ngazi, na kazi haikusimama.

Alipofikia kimo cha debe, aliingia stoo kubadilisha mchanga wa paka, akapanda sandukuni. Halvor alimnusa, akasogea. Eusebio alilala bila koti.

Asubuhi Arlene aliwakuta wawili, akaongeza bakuli. Alimkuna Eusebio nyuma ya sikio, akamuuliza kama ameshiba. Kabla ya hapo hakuwahi kumuuliza.

"Mama, mimi naitwa Eusebio."

"Kameshaanza kunizoea," Arlene akamwambia paka.

Mama wa kituo alirudi kukagua. Alilipima sanduku, akachungulia ndani.

"Huyu mwingine anakula?"

"Anamaliza na kulamba bakuli."

"Manyoya hana."

"Ana sweta."

"Hongera, mama. Ila sanduku ni la wawili. Usiongeze."

Kukamua kwa ngazi kulikuwa kunachelewesha maziwa, kwa hiyo Arlene akamwajiri Fermín, binamu yake Eusebio kutoka Veracruz, jitu la kuinama kila mlangoni. Alimpa funguo za tela.

"Hita inasumbua kidogo, Joe. Fundi anakuja theluji ikiisha."

"Binamu, usichukue hizo funguo!" Eusebio alipaza sauti kutoka sandukuni. "Dai hita kwanza!"

Sauti nayo ilikuwa imepungua. Arlene alidhani ana njaa, akampashia maziwa.

Siku chache baadaye Fermín alikuja stoo kuomba msumari. Alitaka kutoboa tundu jipya kwenye mkanda wake. Eusebio alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye buti, zilizokuwa zimeanza kumpwaya. Kisha akageuka kutazama nafasi iliyobaki sandukuni. Halvor alikuwa ameshajinyoosha hapo, amesinzia.