Deuxième Bureau ya Floribert

Siku Floribert alipoanza kutokuwepo, Godelive alikuwa anamgombeza kuhusu buti. Zilikuwa mlangoni, zimejaa matope ya kule bwawani, na yeye amejinyoosha kwenye kiti, macho amefumba, kama kawaida yake akigombezwa. Godelive akamaliza habari ya buti, akapitia habari ya kofia, na alikuwa amefika kwenye soksi ndipo alipoona kwamba mumewe amenyamaza kuliko anavyonyamazaga. Tension, daktari alisema, yaani presha ya damu. Baadaye Godelive aliwaambia watu kwamba maneno ya mwisho aliyomwambia mumewe yalikuwa ya upendo. Ukweli ni kwamba yalikuwa, "Na hii soksi je?"

Floribert alikuwa fundi wa redio katika soko la Bunia. Jumamosi alikwenda kusaidia kulinda réserve, lile bwawa na msitu wake kando ya barabara ya Kasenyi, ambako wenye kijiji wamekubaliana wasikate miti wala kutega ndege. Mara nyingi alimwomba mkewe waende wote. Lakini Godelive alikulia Aveba, akalima, akakanyaga matope utoto wake wote, na alikuwa ameapa kwamba yeye na matope wameachana. "Enda weye kwa ndege zako," alimjibu. "Zikinitaka, zikuje Bunia."

Basi matanga yakafika siku ya tatu. Godelive amekaa kwenye mkeka kati ya wamama, analia vizuri, kwa sauti ya kutosha, hata mashemeji wameridhika. Nyuma yake wazee wawili wa komite ya réserve walikuwa wanakunywa chai na kuongea chinichini, kwa heshima. Mmoja akasema bureau ya kwanza haina shida. Akapuliza chai yake. "Lakini deuxième bureau ya Floribert, nani atakwendaka kule sasa? Ile haiwezi kubakia peke yake."

Kwa mtu wa Bunia hakuna haja ya kueleza. Deuxième bureau ni mwanamke wa nje, yule ambaye mume anamwendea akisema ana kazi. Machozi ya Godelive yakakatika kama maji ya bomba. Wamama walidhani amechoka, wakamletea uji. Kesho yake hakulia, na kesho kutwa pia hakulia, na mashemeji wakaanza kutazamana, maana mjane mwenye macho makavu huongelewa mpaka Kpandroma. Alijaribu. Alijifinya hata. Lakini kila kilio kilipokaribia, swali lilikitangulia: je, ninamlilia mume wangu, ao ninamlilia mume wa mwingine?

Aliyemwambia siri hiyo ni mmoja tu, Pétronille, jirani yake aliyetoka Butembo na biashara ya vitunguu. Pétronille hakushangaa, kwa kuwa Pétronille hajawahi kushangazwa na mwanaume yeyote. Alishauri Godelive aende akamwone huyo mtu kwa macho yake. Godelive akasema atakwenda na kandambili, njia ni mbaya.

"Weye njo bibi ya ndoa," Pétronille akamwambia. "Hauwezi kufika kwa ule mwanamuke na kandambili. Vala talons. Akuone, ajue nyumba kwenye alikuwa anaibia."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba mjane wa Floribert, Mungu amsamehe, alivua kitambaa cheusi kwa siku moja, akavaa pagne, kitenge chake cha sherehe, akajipaka marashi mpaka mwenye pikipiki akapiga chafya, akaenda porini na viatu vya visigino virefu.

Alishuka kabla ya kibanda chenye kibao cha réserve, asionekane. Kwenye kijito alimkuta mama mmoja anaosha mihogo, akamwuliza kwa upole wa uongo deuxième bureau ya papa Floribert iko wapi. Yule mama hakuona haya hata kidogo. Alielekeza kwa kidevu: kule, nyuma ya miti, pa maji.

"Iko na watoto?" Godelive akauliza.

"Iko nayo. Ya mwaka huu imeanza hata kutembea."

Kiswahili chetu cha Bunia kina ubaya huo. "Iko" inabeba mtu, inabeba nyumba, inabeba ndege, haichagui. Godelive alichagua peke yake. Mama wa mihogo akamwonya apitie njia ya mbao, ile papa Floribert aliyotengeneza, huku kwingine ni matope tu. Godelive aliitazama njia hiyo, mbao zimepigiliwa vizuri juu ya magogo. Miaka yote mlango wa jikoni kwake hauna bawaba, kumbe misumari inaletwa huku. Yeye akanyage barabara ya mwanamke mwingine? Akashukuru, akageukia matope.

Msitu aliupita salama, akishikamana na miti kama mlevi. Kisha majani marefu yakaanza, kisha maji. Kiatu cha kushoto kilizama na hakikurudi. Alipofika karibu na kibanda cha matete alikuwa amekwama hadi magotini, pagne inaelea mbele yake, na kila alipojaribu kung'oa mguu mmoja ule mwingine ulizama zaidi. Hakuna mke wa ndoa aliyewahi kufika kwa mwenzake namna hiyo. Hata hivyo alikusanya heshima iliyobaki.

"Weye mwanamuke," akaita. "Toka. Mimi njo Godelive."

Nyuma ya kibanda majani yakatikisika. Akatoka ndege mrefu wa kijivu, kichwani ana taji la nywele za dhahabu, akamtazama kwa jicho moja. Mwingine akafuata. Katikati yao watoto wao wawili, rangi ya udongo, wanatembea vibaya. Godelive alingoja mtu atoke. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi, ndani kuna benchi na tundu la kuangalilia maji. Hakukuwa na sufuria, wala kitanda, wala kitambaa cha mwanamke.

Antoine, mlinzi wa bureau ya kwanza, kile kibanda chenye kibao, alikuja mbio juu ya mbao, akaingia majini, akamkamata mikono. Alimtambua, maana alikuwepo matangani. Godelive akamwuliza hii kibanda ni nini. Antoine akasema ni poste ya pili, ya kulindia ndege. Komite inapenda majina makubwa, ndiyo maana wanaiita deuxième bureau, ofisi ya pili. Akakohoa. "Papa Floribert alitukataza kuitaja hii jina mbele ya mama. Alisema mama hatacheka."

"Na ile mbao?"

Antoine alidhani anataniwa. "Lakini mama, ile njia ni yako. Alisema, bibi yangu hapendi matope, nikimaliza njia atakuja. Ilibakia kipande kidogo tu. Kwa nini umepita huku?"

Godelive alisimama ndani ya matope, na marashi yake, na kiatu kimoja, akalia kilio ambacho mashemeji walikuwa wamekingojea wiki nzima. Hakukuwa na hata mmoja wao wa kukisikia. Ndege waliruka. Antoine, mtu mwema, alifikiri analilia kiatu, akainama akaanza kukitafuta kwa mikono.

Hakukipata. Njia ya mbao bado haijafika kwenye kibanda. Antoine anaiendeleza Jumamosi, misumari ikipatikana, na Godelive anashika upande wa pili wa ubao.